Shokomzoba Haibebi Mzigo: Mwongozo wa Kuchagua Shokomzoba za 4x4 ya Zamani

Mwaka jana wazee wa kijiji cha mjomba wangu, upande wa Delta ya Tana, walichanga pesa baada ya sala ya Ijumaa ili wanunue shokomzoba mpya za gari la kijiji. Gari lenyewe ni pikapu aina ya Land Cruiser 75, kongwe, rangi yake imeshaliwa na jua. Ndilo linalobeba wagonjwa, mapipa ya maji, magunia ya maembe, na jeneza siku ikifika. Mwenye mgonjwa usiku hana pengine pa kwenda ila kugonga mlango wa dereva.

Walinipigia simu kuniuliza wanunue zipi, kwa kuwa mimi nilisomea stashahada ya ufundi wa mitambo kabla sijaingia katika uandishi. Nilikuwa mbioni. Nikawajibu, "Nunueni nzuri, zile ngumu." Muuza spea naye akawaambia maneno ya aina hiyo hiyo: "Chukueni hizi, zabeba tani." Wakalipa.

Miezi miwili na siku kidogo baadaye, usiku, gari likiwa limebeba mama mjamzito, breketi ya juu ya shokomzoba ya nyuma kushoto iling'oka kwenye chesisi. Gari likayumba barabara nzima, dereva akalituliza kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Mama alifika hospitali, akajifungua salama, alhamdulillahi. Lakini michango ya miezi ilikuwa imepotea, na kijiji kilikaa wiki tatu bila gari.

Nilipokwenda nikalala chini ya gari na futi ya kupimia, niliona mambo mawili. Kwanza, springi za nyuma zilikuwa zimelala, na jani moja limevunjika. Pili, shokomzoba walizouziwa zilikuwa za gari lililoinuliwa. Zikibanwa mpaka mwisho, bado zilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyopo kwa takriban milimita 40. Kila gari lilipoingia shimoni, shokomzoba ilikuwa inagonga chesisi kama nyundo. Muuzaji hakuuliza, na mimi mwenye cheti sikuuliza vile vile. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kuwapa siku ile.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Kwa hivyo Land Cruiser 75 na 80, Land Rover za springi, Patrol za zamani na Hilux za zamani tulizo nazo Pwani ndizo hizo hizo. Ukiua chesisi ya moja, huendi Mombasa bandarini ukachagua nyingine. Gari la aina hii hutunzwa, na katika vitu vinavyolitunza, shokomzoba ziko mbele.

Kazi yake hasa

Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokomzoba haibebi mzigo; kazi yake ni kuituliza springi. Ukiondoa shokomzoba zote nne za gari lenye springi za kawaida, gari halitaanguka chini. Litabaki kimo chake kile kile, ila ukilisukuma litacheza juu na chini kama mashua kwenye mawimbi.

Ndani yake mna pistoni inayotembea katika oili. Pistoni ina vijitundu na vali ndogo, na oili hulazimishwa kupita humo kwa shida. Shida hiyo ndiyo inayozuia mchezo wa springi, na nguvu ya mchezo hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana baada ya safari ya njia mbaya, shokomzoba nzima huwa ya moto.

Shokomzoba nyingi huzuia zaidi zinapovutwa kuliko zinapobanwa. Gurudumu likipanda juu, springi yenyewe inalipinga. Springi ikitaka kuruka kurudi chini, hakuna wa kuishika ila shokomzoba.

Kutokana na hayo, gari likiwa limeinama nyuma, shokomzoba mpya hazitaliinua. Ukimsikia muuzaji anasema shokomzoba yake "yabeba tani", jua kwamba ama hajui au hakutakii heri. Zipo chache zilizotengenezwa na springi ya msaada juu yake au za kujazwa upepo, lakini hizo huhamishia mzigo kwenye breketi ambazo kiwandani hazikukusudiwa kubeba mzigo.

Dalili za shokomzoba iliyokufa

Watu wengi hubonyeza boneti mara moja na kutazama gari likirudi. Kwa saluni jaribio hilo hufaa. Kwa 4x4 nzito yenye springi za majani halisemi mengi, kwa sababu majani yenyewe husuguana na kutuliza mchezo kidogo. Tafuta dalili hizi:

- Oili inatiririka mwilini mwa shokomzoba. Unyevu mdogo wa vumbi karibu na sili si kifo; oili inayodondoka ni kifo.
- Gari linapiga pua chini kila ukishika breki, na linainua pua kila ukiondoka.
- Baada ya tuta, gari linaendelea kupepea mara mbili au tatu badala ya kutulia.
- Tairi zinakula kwa mabonde, pahala pamelika na pahala pamebaki. Pitisha kiganja juu ya tairi utayahisi.
- Kwenye njia ya mikunyanzi kama bati, sehemu ya nyuma inateleza kando hata ukiwa mwendo wa kawaida.
- Fimbo ina kutu au imepinda, au raba za bushi zimeisha na chuma kinagonga chuma.

Liko jaribio jingine la mafundi wa zamani, nalo ni zuri. Endesha gari nusu saa kwenye njia mbaya, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila shokomzoba bila kuishika, kwani zaweza kuunguza. Tatu zikiwa za moto na moja baridi, hiyo baridi haifanyi kazi.

Usidhani hili ni suala la starehe tu. Gurudumu lililoruka hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Gari lenye shokomzoba zilizokufa huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame kwenye njia mbaya, na mbuzi, mtoto au bodaboda hakungoji.

Kabla ya duka: tazama springi

Simamisha gari mahali tambarare, bila mzigo, tairi zikiwa na upepo sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa matao ya bodi juu yake, magurudumu yote manne. Tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia ni kawaida. Upande mmoja ukiwa chini kwa milimita 20 au zaidi, springi ya upande huo imechoka au imevunjika.

Kwa springi za majani, ingia chini uhesabu majani pande zote mbili na upitishe kidole kwenye kila jani kutafuta ufa. Tazama kama springi bado ina upinde. Iliyolala kama rula ikiwa gari tupu, imemaliza kazi. Mafundi wa springi wanaweza kuikunja upya au kuongeza jani. Kukunja husaidia kwa muda, ila chuma kilichochoka hurudi kulala; jani jipya au seti mpya hudumu zaidi.

Kama pesa ni za kitu kimoja tu na springi imevunjika, anza na springi. Shokomzoba mpya juu ya springi iliyokufa ni kama godoro jipya juu ya kitanda kilichokatika chaga.

Pima namna hii

Hili ndilo lililotuangusha, kwa hivyo nitaeleza polepole. Shokomzoba ina urefu wa aina mbili unaokuhusu: ikiwa imebanwa kabisa, na ikiwa imevutwa kabisa. Kampuni zenye sifa huandika vipimo hivi kwenye orodha zao kwa milimita. Kazi yako ni kujua gari lako linataka nini.

Hatua ya kwanza. Gari likiwa limesimama tambarare, pima umbali kati ya vifungo viwili vya shokomzoba, cha juu kwenye chesisi na cha chini kwenye ekseli. Kama kifungo ni jicho, pima kutoka katikati ya bolti. Kama ni pini iliyosimama, pima kutoka pale washa inapokaa.

Hatua ya pili. Pima nafasi kati ya ekseli na ile raba ya kugotea iliyo juu yake. Raba hiyo ndiyo iliyowekwa ipokee kishindo cha mwisho. Yenyewe hubonyea, tuseme milimita 20.

Hatua ya tatu. Inua gari kwa jeki kwenye chesisi, uliwekee stendi imara, toa shokomzoba, uache ekseli ining'inie taratibu huku ukitazama mipira ya breki isivutike. Pima tena umbali kati ya vifungo.

Mfano. Gari limesimama, umbali ni milimita 460. Nafasi ya raba ni 75. Toa 75, kisha toa 20 za raba kubonyea, unabaki na 365. Acha akiba ya 15. Shokomzoba yako ikibanwa kabisa isizidi milimita 350. Ekseli ikining'inia, umbali ni 560. Basi ikivutwa ifike hapo au izidi kidogo, kama gari ni la springi za majani. Kama shokomzoba imekaa kwa kuinama, hesabu hii inakupa akiba zaidi, na si hasara.

Kwa gari la springi za koili lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser 80 au Defender, kuna jambo la ziada. Humo mara nyingi shokomzoba ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiweka ndefu mno, koili inaweza kulegea na kutoka kitini, mipira ya breki ikavutika, na propela shafti ikakaza. Ukiweka fupi mno, shokomzoba ndiyo itakayong'olewa kila gurudumu likishuka shimoni. Usiache vipimo vya kiwandani bila sababu.

Gari likiinuliwa kwa milimita 50, shokomzoba huhitaji urefu wa ziada wa kiasi hicho ikivutwa. Lakini ikiwa na ikibanwa pia ni ndefu zaidi, raba za kugotea lazima zishushwe. Na ukinunua shokomzoba za gari lililoinuliwa ukazitia kwenye gari la kimo cha kawaida, tena lililolala, utapata yaliyotupata sisi.

Usisahau aina ya vifungo: jicho juu na chini, pini juu na jicho chini, au pini pande zote. Pima unene wa bolti na upana wa bushi. Beba ile ya zamani dukani.

Aina zilizopo

*Ya oili tupu, silinda mbili.* Ni ya zamani na ya bei ndogo. Silinda moja ndani ya nyingine. Ya nje ni akiba ya oili. Ni laini na yafaa kwa mwendo wa taratibu. Udhaifu wake ni kwamba kwenye njia ya bati hewa huchanganyika na oili ikawa povu, na povu halituliizi springi. Ikipoa hurudi.

*Ya gesi, silinda mbili.* Ni ile ile ya kwanza, ila hewa imebadilishwa na naitrojeni yenye mgandamizo mdogo unaopunguza povu. Hii ndiyo inayofaa watu wengi. Silinda ya nje ikipigwa na jiwe ikabonyea kidogo, pistoni iliyo ndani bado inatembea. Kwa njia zetu za mawe ya matumbawe hilo ni jambo la maana.

*Ya povu gumu.* Mahali pa gesi pamewekwa kitu kama sponji ngumu yenye vijishimo vilivyofungwa, hivyo gesi haigusani na oili. Mara nyingi mwili wake ni mnene na una oili nyingi zaidi, kwa hivyo huchelewa kupata moto. Yafaa kwa gari linalobeba mzigo safari ndefu za njia mbaya.

*Ya silinda moja.* Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyeileta katika miaka ya 1950, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaipatia jina. Gesi yenye mgandamizo mkubwa, bar 20 hivi au zaidi, imetengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea. Hupoa haraka na hujibu upesi. Lakini mwili ukipigwa ukabonyea, pistoni hukwama papo hapo. Kama yako iko wazi mbele ya tairi, ifanyie kinga ya bamba.

*Ya kurekebishwa.* Ina kitufe au pete ya kuongeza na kupunguza ugumu, kama baadhi ya Koni, Rancho na Tough Dog. Ni nzuri kwa anayebeba mzigo leo na kesho yuko mtupu, ikiwa kweli atashuka kuzungusha. Vumbi na chumvi hukwamisha kitufe asichokigusa mtu.

Ugumu kiasi gani?

Ugumu hufuata springi, na springi hufuata uzito. Shokomzoba ngumu juu ya springi laini huzuia gurudumu lisirudi chini kwa wakati. Shimo la kwanza linalibana, la pili linakuja kabla halijarudi, na mwisho gari linatembea likiwa limejibana chini. Shokomzoba laini juu ya springi ngumu huacha gari lirukeruke. Yote mawili huonekana na abiria kuwa "gari gumu", na fundi asiyejali huongeza ugumu juu ya ugumu.

Basi jiulize gari linabeba nini siku nyingi za wiki.

Gari la familia, mjini Mombasa, Kilifi au Malindi, mara moja moja shambani: chukua za gesi silinda mbili, ugumu wa kiwandani. Matuta ya mjini hayahitaji zaidi.

Pikapu au gari la abiria linalobeba karibu kila siku: anza na springi zilizopangwa kwa mzigo huo, kisha shokomzoba za mwili mnene zilizotengenezwa ziende nazo. Kampuni kama Old Man Emu ya Australia huuza springi na shokomzoba zilizopangwa pamoja kwa uzito tofauti. Hata kama hununui seti, fuata fikra hiyo.

Gari linalobeba wagonjwa: usiende kwenye ngumu. Mgonjwa aliyevunjika mfupa na mama mwenye uchungu wanahisi kila jiwe. Springi ya kiasi, shokomzoba ya kiasi, upepo wa tairi usizidi, na mwendo wa pole.

Machache kwa kila gari

Land Cruiser 75, 60 na Hilux LN106 zina springi za majani mbele na nyuma. Kuanzia 1999 pikapu za Land Cruiser za jamii ya 70 zilianza kupewa koili mbele, nyuma yakabaki majani. Usinunue kwa jina la "Land Cruiser pikapu" tu, taja mwaka.

Land Cruiser 80, iliyotoka 1990, ina koili pande zote na gari lenyewe ni zito. Koili hazina msuguano wa majani, kwa hivyo gari hili hutegemea shokomzoba zaidi, na humaliza dhaifu upesi.

Land Rover za koili zilianza na One Ten ya 1983, na jina Defender likaja 1990. Series za kabla yake ni za majani. Muuzaji akikuuliza "Land Rover gani", ana haki.

Prado 90, ya kuanzia 1996, shokomzoba ya mbele imepita katikati ya koili. Kuitoa kunahitaji chombo cha kubana koili. Nimeona vijana wakijaribu kwa waya na kamba. Koili iliyobanwa ikifyatuka huua mtu. Peleka kwa mwenye chombo.

Pajero za zamani hazina koili mbele. Hubebwa na chuma kirefu kinachosokotwa. Kimo cha mbele hurekebishwa kwa bolti, na wengi hukaza bolti hiyo kuinua gari wakamaliza nafasi ya shokomzoba kuvutika. Rudisha kimo kwanza, ndipo upime.

Dukani

Nunua jozi: mbili za mbele au mbili za nyuma pamoja. Moja mpya na moja kuukuu kwenye ekseli moja hulifanya gari livute upande.

Za ghushi zipo. Linganisha maandishi ya kwenye boksi na namba iliyo mwilini. Tazama kulehemu kwa jicho la kifungo, kuwe safi na kamili. Fimbo iwe laini ya kung'aa bila mkwaruzo. Bana na kuvuta kwa mkono: iende kwa uzito ule ule mwanzo mpaka mwisho, bila kushtuka wala kutupu katikati. Jina kubwa kama Kayaba au Monroe kwa bei ya nusu ni la kutiliwa shaka. Omba risiti yenye namba ya spea. Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi tangu 2008, lakini bila risiti huna la kushtakia.

Kila Muislamu anaijua habari ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini. Duka la spea nalo ni soko. Wauzaji wetu walijue hilo, nasi wanunuzi tutie mkono ndani ya rundo.

Za mtumba kutoka Japani huuzwa rahisi. Huenda zikawa nzima, lakini hujui zimetembea kilomita ngapi, na sili iliyokaa miaka stoo hukauka. Kwa gari la abiria sizipendekezi.

Na zile za kutobolewa, kujazwa oili na kulehemiwa? Oili ya injini haina wepesi sawa na oili ya shokomzoba, gesi imeshatoka, na sili ni ile ile iliyovuja. Zaweza kukufikisha nyumbani. Zisikufanye uamini gari limepona. Na usikubali yeyote akate au atoboe ya gesi kwa moto. Mgandamizo wake unaweza kumjeruhi. Hata za kutupwa zisiachiwe watoto wala kutiwa kwenye moto wa taka.

Kufunga

Shokomzoba ya silinda mbili ikilala boksini, hewa huingia mahali pa oili. Isimamishe wima, fimbo juu, uibane na kuivuta mpaka mwisho mara tano au sita mpaka mwendo uwe sawa. Fundi asiyefanya hivi hurudishiwa shokomzoba "mbovu" ambazo ni nzima.

Fimbo isishikwe kwa koleo hata kidogo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu utakata sili kila safari, na baada ya miezi utaona oili. Pini hushikwa kwa kichwa chake cha juu kilichochongwa kwa kazi hiyo.

Nati ya pini ikazwe mpaka raba ifure kufikia upana wa washa, basi. Ukikaza zaidi raba hupasuka. Bolti ya jicho ikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, vinginevyo bushi hukaa imesokotwa muda wote. Baada ya kilomita 500 hivi, zikague nati zote.

Chumvi yetu

Pwani ina adui ambaye bara hawamjui. Gari linalopita ufukweni, linalobeba samaki, au linalofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, huliwa kuanzia chini. Bolti za shokomzoba hushikana na bushi mpaka zikatwe. Zipake grisi siku ya kufunga. Osha chini ya gari kwa maji matamu, usiishie kwenye bodi. Kila mwaka gonga breketi za chesisi kwa nyundo ndogo: sauti kavu inayolia ni chuma, sauti butu ni kutu. Shokomzoba bora kuliko zote ikifungwa kwenye breketi iliyooza ni pesa iliyotupwa.

Lile gari la kijiji

Tulilitengeneza, alhamdulillahi. Breketi ikalehemiwa upya na bamba la kuikazia. Springi za nyuma zikapewa majani mapya. Kisha tukapima, tukaandika namba kwenye karatasi, na karatasi ndiyo iliyokwenda dukani. Tulinunua za gesi silinda mbili, ugumu wa kawaida, kwa pesa pungufu ya zile za kwanza. Dereva anasema mapipa ya maji hayamwagiki kama zamani.

Karatasi ile sasa imebandikwa kwenye daftari la gari: tarehe, namba ya spea, vipimo, jina la duka, kilomita. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali ya watu, wengine walichangia shilingi hamsini hamsini. Kamati yenye gari la msikiti, la madrasa au la kijiji, ifungue daftari kama hilo wiki hii. Na ukipigiwa simu kuulizwa ununuliwe nini, usijibu kama nilivyojibu mimi. Waulize kwanza: mmepima?